Tundu la Juu ya Dirisha la Mama

Jumamosi, Ujiji. Mvua imepumzika zaidi ya wiki sasa na leo jua limeamka na hasira kama mimi. Bati linalia kwa joto, ta, ta, ta, na upepo wa ziwani unatuletea harufu ya dagaa wanaoanikwa huko chini. Nimefua mashuka ya Mama nikayaanika uani, na kabla ya adhuhuri yalikuwa yamekauka.

Mama kalala usiku kucha bila kukohoa. Ilitakiwa nishukuru. Badala yake chai imenishinda, maandazi nimewamwagia kuku, na nimejifungia kwenye chumba changu cha usichana niandike haya.

Naandika kwa sababu nikimwambia mtu, naye atamwambia mtu. Blogu hii haina jina langu, na simu ya Mama ni ile ya kitochi, isiyo na intaneti. Hapa pekee ndipo ninapoweza kusema.

Nianze na paa.

Baba alikuwa mtu wa mawese. Aliyafuata Mwandiga kwa madumu akaja kuyauza mjini, miaka nenda miaka rudi, mpaka mashati yake yote yakashika ile rangi ambayo hata uiloweke wiki haitoki. Nyumba hii aliirithi kwa babu ikiwa na paa la kawaida, la mgongo, mvua ikinyesha inateleza na kwenda zake. Siku moja akaenda msibani Katubuka, akaona nyumba yenye paa la kuficha. Kuta zimepandishwa juu, bati limelazwa nyuma yake karibu bapa kabisa, ukisimama barabarani unadhani ni benki. Alirudi nyumbani hakusema neno juu ya marehemu. Alizungumzia paa mpaka tukalala.

Akalibomoa la babu, akajenga lake. Fundi wa wakati ule alimwomba aliinue kidogo upande mmoja ili maji yapate mteremko wa kutosha. Baba akakataa, maana lingechungulia juu ya ukuta na watu wangeliona. Nilimwambia, Baba, hapa ni Kigoma, mvua inanyesha, hatuko Dodoma. Akanijibu kwamba nina wivu kwa sababu nyumba ya mume wangu ina paa la kizamani.

Nilimpenda sana yule mzee, na alikuwa mbishi hujapata kuona.

Amefariki mwanzoni mwa msimu huu wa mvua. Hospitali walisema ni moyo, na mimi si daktari. Ila kabla moyo haujasimama alikuwa amekohoa mwaka mzima, na alikuwa akilala upande wa dirishani, na doa la maji kwenye dari lilikuwa juu ya upande wa dirishani. Sikuwahi kulisema hili kwa sauti mbele ya mtu yeyote, na nikaapa sitalisema mbele ya Mama.

Mama akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba ya mumewe, nguo zilezile mbili, hakuna manukato, hakuna kuvuka mlango wa mbele. Akitaka hewa anakwenda uani, anakaa kidogo, anarudi. Mimi nikahama kwangu Katubuka nije nikae naye, maana kaka yangu yuko Dar na kazi yake huko ni kututumia ushauri.

Asubuhi ya kwanza nilipoingia kwake na chai nikakuta beseni la bluu limewekwa juu ya mto wa Baba. Mama kajikunyata upande wake uleule wa siku zote, ukingoni, kana kwamba mwenzie bado yupo na amechukua nafasi kubwa. Tone likaanguka kwenye beseni. Yeye hata hakugeuka.

Nikamwambia tusogeze kitanda. Akasema kitanda kimekaa hapo tangu alipoolewa.

Dari lile ni la jipsamu. Doa lilianza na rangi ya chai, likaenda rangi ya kahawa, halafu likaota ukungu mweusi wenye manyoya. Chumba kizima kilinuka gunia lililosahaulika mvuani. Na Mama akaanza kukohoa. Kikohozi kilekile, jamani. Ule mkwaruzo wa mwanzo, halafu ile filimbi anapovuta pumzi. Nikiwa jikoni nikiusikia naacha sufuria motoni naenda kusimama mlangoni kwake. Nesi jirani yetu alikuja kumpima, akanivuta koridoni akaniambia nisijidanganye na dawa, chumba kile kikibaki vile nitamzika na yeye.

Nikamwendea ustadhi. Akasema bila kusitasita kwamba dharura ni dharura, nyumba ikimdhuru mjane anaruhusiwa kumalizia eda mahali pengine penye salama, nimchukue hata leo. Nikarudi mbio na habari yangu. Mama akasema mshukuru ustadhi, Mungu amzidishie, mimi siendi popote. Akajifunika kanga kichwani, mazungumzo yakaisha.

Basi ikabaki kulitengeneza paa na yeye akiwa chini yake.

Nikamwita fundi. Nitamwita Bitaliho, si jina lake. Ni Muha wa kule juu milimani, mtu mzima, mkristo, mpole, ana kitambi. Na hapo ndipo kichekesho kilipoanza, kama kuna anayeweza kucheka. Fundi mwanamume hawezi kuingia chumbani kwa mjane aliye edani, na mjane mwenyewe, fundi akiwepo, hatoki humo. Kwa hiyo Bitaliho alilitibu paa kwa nje, kama daktari anayetibu mgonjwa kwa simu. Akapanda juu, akazoa majani ya mparachichi wa jirani yaliyoziba gata ya kukinga maji ya paa, akainyanyua gata ipate mteremko, akapaka lami kwenye kila msumari. Kaka akatuma sauti kutoka Dar: pakeni lami. Tukapaka tena. Lami ikawa nene kuliko bati lenyewe.

Beseni likaendelea kujaa.

Jumatatu iliyopita niliamka kwa swala ya alfajiri. Mbingu safi, nyota zote nje, ardhi ya uani kavu, vumbi kabisa. Mvua ilikuwa haijagusa Ujiji siku kadhaa. Nikaingia kwa Mama, beseni lina maji. Mapya, ya usiku uleule, maana jioni nilikuwa nimelimwaga mwenyewe. Nikapandwa na wazimu. Nikasema, Mama, mvua iko wapi? Haya maji yanatoka wapi? Mama akaangalia ukutani.

Nilipomweleza Bitaliho alivua kofia akajikuna. "Basi dada, sisi tulikuwa tunapaka lami bure. Hayo hayatoki juu. Yanatoka humo humo ndani."

Lazima mtu apande darini akaangalie. Kuna mlango mdogo wa dari koridoni. Lakini jipsamu ya chumba cha Mama ilikuwa imeshapasuka, mtu akiwa juu anaona kitanda chini. Bitaliho akasema hapana, yeye hawezi kumchungulia mama wa watu. Nikapanda mimi. Mimi ambaye nikisimama kwenye stuli nashika ukuta! Nikajifunga kanga kiunoni, nikauma tochi mdomoni, nikatambaa juu ya mbao nikiita majina yote ya Mwenyezi Mungu ninayoyajua.

Hewa ya kule ilikuwa kama ya bafuni mtu akishatoka kuoga maji ya moto. Nikaweka kiganja kwenye bati, kikarudi kimelowa. Bati lote lilikuwa linatoka jasho, matone yamejipanga kwa chini yakisubiri kuanguka. Nikabonyeza mbao ya kenchi, ile inayobeba bati, juu ya kitanda cha Mama kwa kidole, kidole kikazama. Nikapiga tochi kwenye kuta, nikitafuta yale matundu ya hewa ambayo kila nyumba inayo. Yalikuwepo. Yote yalikuwa yamezibwa kwa saruji.

Nikateremka nikamwambia Bitaliho, naye akanieleza kwa sufuria ya ubwabwa. Mvuke wa jikoni, wa maji ya kuoga, wa pumzi zetu, wote unapanda darini. Mchana bati lina moto. Usiku linapoa, mvuke unageuka matone chini yake kama kwenye mfuniko. Pasipo tundu la kutokea unarudi chini, na paa lenyewe lilivyo bapa na chini hivi, hauna hata pa kujitanulia. Na sisi, tangu msiba, tumekuwa tukiwapikia wageni ndani ya nyumba asubuhi mpaka jioni.

Nikaenda kumuuliza Mama. Niliuliza vibaya, kwa ukali, ndivyo nilivyo. Nikasema ni mtu gani mwenye akili zake anaziba matundu ya hewa ya nyumba yake?

Mama aliikunjua kanga yake akaikunja upya magotini. Kisha akasema, "Popo."

Akasema popo walikuwa wamejaa mule, wanakwaruza usiku, wananuka, na yeye tangu utoto anawaogopa kuliko nyoka. "Nilimwambia mimi baba yako. Nilimwambia, ama popo, ama mimi. Akapanda ngazi siku ileile, hata chakula hakula. Mimi ndiye niliyemshikia ngazi."

Halafu akaniangalia usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu tuzike. "Sasa wewe ukiniambia kuziba kule ndiko kulikoleta maji, unaniambia nini, mwanangu? Maji yaliyokuwa yakimdondokea nani?"

Mimi na mdomo wangu huu. Nikaokota kikombe chake kitupu nikatoka nacho.

Alikuwa anajua. Alilala chini ya dari lile akiona linadondosha siku ambazo hakuna mvua, akajua, akanyamaza, akaacha tupake lami.

Na kuwazuia popo, wavu tu ungetosha. Wavu wa dirishani, ule wa kuzuia mbu.

Jumanne tukafungua matundu ya uani. Mama alikuwa ameketi chumbani kwenye mkeka wake na hakuzuia, aliinamisha kichwa tu kila nyundo ilipogonga. Tukaweka wavu. Tukang'oa jipsamu iliyooza ya koridoni na jikoni. Ukuta wa chumba cha Mama umepanda mpaka karibu na bati, umeacha upenyo wa kutambaa tu, kwa hiyo nikapanda tena nikaupanua ili hewa ipite. Jikoni moto wa mkaa nikauhamishia nje, chini ya kibanda, wageni wale watakachokikuta. Kesho yake koridoni kukakauka. Chumbani kwa Mama beseni likawa na maji.

Bitaliho akasema hewa inayoingia nyuma ni lazima ipate pa kutokea mbele. Limebaki tundu moja tu, la mbele, juu ya dirisha la Mama, linaloangalia barabara. Bila hilo tumejisumbua.

Mama akasikia kupitia pazia. Akaniita.

"Yale ya nyuma sawa," akasema. "La mbele mniachie."

Lile la mbele Baba alilimalizia kwa kiganja. Mwiko ulimponyoka ukaanguka, akaona uvivu kuteremka, akasawazisha saruji kwa mkono, halafu akaugandamiza mkono wote pale na vidole vyake vitano, kile cha shahada kimepinda kama kilivyokuwa. Akamwambia Mama aliye chini kwenye ngazi kwamba sasa hata popo wanamjua mwenye nyumba. Mama alipokuwa akinisimulia hayo alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kile kikohozi kilimkamata mpaka macho yakatoka machozi na midomo ikabadilika rangi. Mimi nimemshika mgongo, namsugua, najisemea moyoni, Yarabi, kwa ajili ya saruji?

Nilimsihi Bitaliho atoboe tundu jingine pembeni. Akanionyesha ufa kwenye ukuta ule wa juu, unaopita kutoka kona mpaka kona. Maji yameshaula. Ukitoboa pengine, ule ukuta wa mapambo unashuka wote barabarani na mtu anakufa. Nikamsihi basi avunje lile lile, kimyakimya. Akakataa. Akasema, dada, mimi nina mama yangu kule kijijini, kitu ambacho mjane amekikataza akiwa msibani mimi sikigusi, hata unilipe nini.

Nikamwambia, basi nipe nyundo.

Akatoa nyundo na tindo, akasema yeye ana misumari ya gata inayohitaji kugongwa kule nyuma, na ataigonga kwa nguvu.

Hiyo ilikuwa Alhamisi, mchana wa jua kali. Ngazi ya nje isingewezekana, ingepita mbele ya dirisha lake. Nikapanda kwa ndani. Chini barabarani nilikuwa nimetandika gunia na magodoro mawili ya watoto wa jirani, nikiomba litoke zima, nilifunge vizuri, siku moja nimpe mkononi. Bitaliho akaanza kupiga huko nyuma kama kichaa. Nami nikapiga. Nilikuwa nimelala kifudifudi darini, juu ya kitanda cha wazazi wangu, kupitia ule ufa wa dari namwona Mama amekaa na tasbihi yake, na mimi navunja mkono wa Baba.

Lilitoka ghafla. Mwanga ukanipiga usoni, na upepo ukaingia, upepo wa ziwa hasa, ukapita juu ya kichwa changu kwenda nyuma kama mtu aliyekuwa amesimama mlangoni miaka yote akisubiri kufunguliwa. Nikasikia lile pande limegonga ukingo wa baraza. Halikuangukia gunia wala godoro.

Nikalia kidogo mule gizani, nikaweka wavu, nikateremka. Lilikuwa limevunjika katikati ya kiganja. Vidole huku, gumba kule, mengine unga mtupu. Nimevifunga vipande kwenye kanga kuukuu na kuviweka uvunguni mwa kitanda hiki ninachokalia sasa.

Mama akauliza, "La mbele je?"

"Lipo, Mama."

Nilisema haraka, na sauti yangu haikutetereka hata kidogo. Kumbe mimi ni mwongo mzuri.

Tangu hapo kila mgeni anayekuja kumpa pole namkodolea macho mdomoni. Wote wamepita barabarani, wote wana macho. Jana shoga yake mmoja alianza, "Naona mmefungua..." nikamkata palepale nikamuuliza habari za wajukuu wake. Akanishangaa.

Ijumaa asubuhi, matone machache tu. Leo asubuhi, hakuna. Nimeingia na chai nikamkuta Mama ameketi katikati ya kitanda, katikati kabisa, miguu ameinyoosha. Beseni liko chini. Amelitoa mwenyewe kwenye mto wa Baba, akaligeuza nione kwamba ni kavu, akanipa nikalioshe. Amepumua mbele yangu, ndani, nje, bila filimbi, kama mtoto anayeonyesha kitu alichojifunza.

"Umeona?" akasema. "La mbele liko palepale na maji yamekwisha. Ilikuwa mvuke wa jikoni tu. Lile alilolifanya kwa mkono wake halikuwa na kosa."

Nikasema ndiyo, Mama.

Akanishika mkono. Mikono yake imekuwa myepesi sana. Akasema polepole, kama mtu anayejaribu kama sakafu itambeba, "Kwa hiyo si mimi."

Nikasema si wewe, Mama. Wala hukuwahi kuwa wewe.

Akacheka. Ameomba samaki mgebuka wa kukaanga na ugali wa muhogo, yeye ambaye tangu msiba anashindia uji. Nimemkaangia. Amekula akamaliza, akalala mchana, na hapa nilipo nasikia anavyokoroma ukuta wa pili.

Eda inaisha mwezi ujao. Siku hiyo ataogeshwa, atavishwa nguo mpya, atatoka kwa mlango wa mbele na wanawake wa mtaa mzima wakimsindikiza. Atavuka barabara. Na mtu akikaa ndani muda wote ule, akishavuka barabara, lazima ageuke aiangalie nyumba yake.

Bitaliho amejitolea kuweka kifuniko chembamba cha saruji mbele ya wavu, kilichoachwa nafasi pembeni hewa ipite, kwa mbali kifanane. Kwa hiyo jana nilikoroga saruji kidogo kwenye karai huko mbele barazani, nikabandika kiganja changu, nikapinda kidole cha shahada. Nikasubiri kishike. Nikakiangalia.

Mkono wangu ni mdogo. Mtu yeyote angejua ni wa mwanamke, sembuse aliyelala karibu na ule mwingine maisha yake yote.

Nimekivunja hicho pia. Leo sina jibu, na kesho sidhani kama nitakuwa nalo. Nilichokiamua ni kimoja tu: mpaka siku ya kuvuka barabara, alale.